Je, Jicho Lina Hesabu kwa Mnyama?

Tunapofundishwa kuinamisha macho, huwa tunamfikiria binadamu mwenzetu tu. Likizo iliyopita nilikwenda Unguja kwa jamaa zangu, nikalikuta swali hili mbele ya kima punju.

Tulikuwa msitu wa Jozani, ambao tangu 2004 umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Kima hawa wenye mgongo mwekundu asili yao ni Unguja. Kwingine huwakuti, isipokuwa wachache waliohamishiwa Pemba. Wamezoea watu. Jike mmoja alikuwa ananyonyesha kwenye tawi la chini. Nikasogea na simu, nikasogea tena. Akamkumbatia mwanawe, akaruka juu. Mzee aliyetutembeza hakufoka. Alisema tu, "Mwanangu, umemtoa mtoto titi mdomoni."

Mwenzangu wa chumba hapa Batsinda anaona nakuza mambo. Wanyama tumetiishiwa, tunawachinja na kuwala, sasa kuwatazama kuna kosa gani? Hoja yake ina nguvu. Tena Surat al-Ghashiya inatutaka tumwangalie ngamia alivyoumbwa, kwa hiyo kutazama kwaweza kuwa ibada.

Lakini kuchinja kuna haja na kuna masharti. Hata kisu hakinolewi mbele ya macho ya mnyama. Picha yangu ilikuwa na haja gani? Abu Dawud amepokea kisa cha ndege ambaye Masahaba walimchukulia makinda yake. Mtume (s.a.w.) aliuliza ni nani aliyemtia mama yule uchungu, akaamuru arudishiwe watoto wake. Kisa hakitaji damu. Kilichomshughulisha Mtume ni taharuki ya mama, na taharuki ndiyo niliyoisababisha mimi.

(Na yuko anayelipia macho yetu: wakulima wa kando ya Jozani, ambao kima hula mazao yao. Ndiyo maana sehemu ya kiingilio hupelekwa kwao.)

Kwetu Rwanda, kwenye Hifadhi ya Volkano, familia moja ya sokwe hutembelewa na wageni wasiozidi 8, kwa saa 1 tu. Nilidhani hiyo ni biashara, na kwa bei ile biashara imo. Siku hizi naiona pia kama adabu ya kubisha hodi: unakaa kidogo, unaondoka.

Mwenzangu hajakubali bado. Juzi aliomba aione hiyo picha. Nilimwonyesha. Ni nzuri kwa kweli, na sijaifuta.