Msimrudishe Kwao



Katika jumuiya yetu ndogo ndogo wako mume na mke waliofunga ndoa miaka saba iliyopita, na hawajapata mtoto. Wameniruhusu nisimulie habari yao bila majina. Wazee wa ukoo walikwisha kuamua: mwanamke ni tasa, arudishwe kwao na mahari yadaiwe.

Mimi na mke wangu tuliwashauri waende hospitali, tena wote wawili. Mume alikataa. "Mwalimu, mimi ni mzima," aliniambia. Mwishowe alikubali. Vipimo vikaonyesha kwamba mke hana kasoro. Mume ndiye aliyezaliwa na kromosomu moja ya ziada.

Kromosomu ni nyuzi ndogo sana ndani ya chembe za mwili, zinazobeba urithi wetu. Kwa kawaida mtu ana 46. Kati yake mwanamume ana X moja na Y moja. Lakini mwanamume mmoja hivi kati ya 600 huzaliwa na X mbili na Y moja, jumla 47. Hali hii ilielezwa na daktari Harry Klinefelter mwaka wa 1942. Mtu huyo aweza kutimiza tendo la ndoa vizuri, ila mbegu zake huwa chache mno au hazipo kabisa. Wengi hawajui mpaka watafute mtoto. Wako pia wanawake waliozaliwa na X moja tu, na wengi wao hawapati mimba. Hapo hakuna aliyelogwa, wala aliyeadhibiwa kwa dhambi.

Zakaria na Elizabeti walikuwa wenye haki mbele ya Mungu, nao walikaa bila mtoto hadi uzeeni. Na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, yaeleza kuwa utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi.

Basi, wazazi, acheni kuuliza mjukuu yuko wapi. Wanajumuiya, msiwatenge, waombeni wawe wasimamizi wa watoto wenu katika Ubatizo. Nawe mume, usimwache mkeo abebe aibu kwa niaba yako.

Ndugu yetu aliwaita wazee nyumbani, akasimama kando ya mkewe, akasema: "Tatizo ni langu. Huyu haondoki." Kwa kitambo hakuna aliyenena. Kisha mama yake akainuka, akamshika mkaza mwana mkono.