Jumapili ya Mtu Mwingine

Anayesafiri na gari la kulala ana kitu ambacho wasafiri wa zamani hawakukijua: hana haja ya kubisha hodi. Kitanda kipo nyuma ya kiti cha dereva, jiko la gesi lipo, dumu la maji limejaa, taa ina betri yake. Akichoka anaegesha, akiamka anaondoka, wala hakuna mwenyeji wa kumuaga. Ndiyo maana magari haya yanapendwa sana Ulaya, Marekani na New Zealand, na ndiyo maana siku hizi hata Nairobi na Arusha wapo wanaokodisha Land Cruiser zenye hema juu ya paa kwa wageni wanaotaka kujiendesha wenyewe. Mteja anadhani anakodi gari. Anachokilipia hasa ni kujitosheleza, ile raha ya kwenda mbali bila kumtegemea mtu.

Kisha gari linazimika. Au pancha ya pili inaingia kabla ya ile ya kwanza kuzibwa, mto unafurika na kufunika daraja, feri haivuki kwa sababu ya upepo, mtoto anachemka homa usiku wa manane. Ratiba iliyopangwa kwa miezi, kila kituo na tarehe yake, inabaki karatasi. Mipango si matumizi, tunasema, na tunasema upesi, kana kwamba methali ikishatamkwa jambo limekwisha. Mimi naona ndipo linapoanza. Mpango unapovunjika, unawavunjikia akina nani?

Mwaka 1960 mwandishi wa Marekani John Steinbeck, akiwa na miaka 58 na afya ambayo tayari ilikuwa imemtisha, aliagiza atengenezewe gari la mizigo lenye nyumba ndogo mgongoni. Alilipa jina Rocinante, jina la farasi wa Don Quixote, akaondoka na mbwa wake Charley kuizunguka nchi yake. Safari ile ikazaa kitabu, Travels with Charley, kilichotoka mwaka 1962. Waliokichunguza baadaye wametilia shaka baadhi ya mazungumzo anayoyasimulia, na ni vizuri msomaji alikumbuke hilo. Lakini misukosuko yenyewe ni ya kila aliyewahi kufunga mlango wa nyumba na kuondoka. Kabla safari haijaanza, kimbunga Donna kiliipiga pwani alikokaa, ikambidi apambane na maji ili kuiokoa mashua yake. Baadaye alikusudia kukata njia kupitia Kanada kuanzia Niagara. Mpakani akaelezwa kwamba kuingia si tatizo. Tatizo ni kurudi Marekani na mbwa asiye na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Akageuza gari kwa hasira, hasira ya mtu mzima anayeona safari yake kubwa imezuiwa na kipande cha karatasi.

Ukurasa ninaourudia zaidi ni ule wa Oregon. Siku ya Jumapili, mvua inanyesha, tairi likapasuka. Alikuwa amepakia mno, kama wapakiavyo wote wanaotaka wasije wakakosa kitu, na uzito ule ulikuwa unayalemea matairi tangu mwanzo. Akajikokota hadi kituo kidogo cha mafuta. Mwenye kituo, kwa maelezo ya Steinbeck mwenyewe, alikuwa mtu wa kuogofya kumtazama. Ndiye aliyehangaika, siku hiyo ya mapumziko, mpaka yakapatikana matairi mazito ya kulibeba gari lile. Steinbeck anamshukuru kwa maneno makubwa sana, na shukrani yake inagusa. Mimi hubaki nikimfikiria yule mtu. Jumapili ile ilikuwa yake pia. Alikuwa ameipangia nini?

Tumezoea kuhesabu hasara ya safari kwa kipimo cha msafiri: siku zilizopotea, fedha zilizotoka, mbuga ambayo haikuonwa. Hesabu hiyo ni halali, maana fedha ni jasho na likizo ya mfanyakazi ni fupi. Lakini ni hesabu ya upande mmoja. Kila mara mpango wetu unapopinda, kuna mpango wa mwingine unaopindishwa ili wetu usimame tena, na mara nyingi huyo mwingine haandiki popote.

Wa kwanza kati yao ni yule mliyekaa naye kiti cha mbele. Gari la kulala ni dogo kuliko chumba kidogo cha gesti, na hasira ndani yake haina pa kwenda. Mtu hawezi kuigombeza mvua wala kuikaripia klachi, basi ghadhabu inamtafuta mwenye masikio. Nani alisema tupite njia hii? Nani alisahau kukagua spea? Wanandoa waliokaa kwa amani miaka mingi katika nyumba ya vyumba vitatu wanaweza kuyafikia, kando ya barabara isiyo na mtu, maneno ambayo hayafutiki gari likishatengemaa. Na pale mmoja alipokuwa ameonya mapema, ana silaha mkononi: nilikwambia. Kuiacha silaha hiyo bila kuitumia, na siyo kuiacha leo ili kuitumia kesho kutwa, ni tendo la kiungwana ambalo hakuna atakayelisifu kwa sababu halionekani. Wazee wetu walipomsifu mtu kwa subira, sidhani walimaanisha kusubiri tu. Hata jiwe husubiri. Walimaanisha kusubiri bila kumfanya aliye karibu nawe alipe gharama ya kusubiri kwako.

Vivyo hivyo kwa uamuzi wa kurudi. Safari ya pamoja ni ndoto ya pamoja kwa jina, ila mara nyingi kuna mmoja aliyeiota zaidi, aliyenunua ramani na kusoma usiku. Mwenzake akisema, hapa tugeuze, mtoto anaumwa, anayeombwa kugeuza anaombwa kuzika kitu. Je, anayekubali bila kununa amekuwa dhaifu, au ndiye mwenye nguvu garini? Na anayeshikilia kuendelea, anaonyesha moyo thabiti au anawatumia wenzake kama mafuta?

Wa pili ni mwenyeji. Walioipita barabara ya Isiolo hadi Moyale kabla haijawekwa lami, zaidi ya kilomita 500 za kaskazini mwa Kenya, hawaisahau. Kwa wasafiri wa kutoka Cairo kwenda Cape Town, ndiyo iliyokuwa sehemu ya kuogopwa: mawe, vumbi, na matuta madogo yaliyopangana kama mbao za kufulia, yakilitikisa gari kutwa nzima hadi nati zifunguke zenyewe, shokapu zipasuke na springi zikatike. Yakawa magari yenye friji na kitanda na kila starehe, yamelala ubavu mmoja karibu na Laisamis au Marsabit, wenyewe wamekaa kivulini wakingoja lori lolote lipite. Gari lililotengenezwa ili lisimhitaji mtu sasa linamhitaji kila mtu.

Na watu hutokea. Hutokea dereva mwenye mnyororo wa kuvutia, kijana anayejua nyumba ya fundi, mama anayeleta chai bila kuulizwa. Fundi anaingia chini ya gari asilowahi kuliona, anaifunga springi kwa mpira wa tyubu, anachomelea kipande alichokitoa kwenye lori kuukuu. Hapo mgeni anajaribiwa kuliko alivyojaribiwa na barabara. Wapo wanaojua kusaidiwa: wanashika tochi, wanakula walichopewa, wanalipa bila kumfanya fundi ajione mwizi. Wapo pia wanaosaidiwa kwa uchungu, wanaotazama saa, wanaohisi kwamba mahali pale pamewakosea. Sijui kama kusaidiwa kunafundishika. Tunawafundisha watoto kutoa kwa mkono wa kulia. Je, ni nani aliyetufundisha kupokea?

Haifai pia tujidanganye kwamba kila mkwamo ni zawadi. Neno hilo hulisema zaidi aliye na akiba benki. Pale Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, madereva wa malori hukwama siku na siku katika foleni. Nao wanaishi garini, wanapika kando ya tairi, wanalala kwenye kibanda cha dereva huku utingo akilinda mzigo. Hakuna anayeiita hali hiyo tukio la kukumbukwa. Ada ya shule haingoji foleni iishe. Kubadili mpango ukatabasamu ni adili, ndiyo, lakini kwanza ni uwezo, na mwenye uwezo huo asimhubirie asiye nao.

Kuna pia mabadiliko yasiyo na upande mzuri hata kidogo. Mjerumani Gunther Holtorf aliondoka mwaka 1988 na gari la Mercedes alilolipa jina Otto, akikusudia kuzunguka Afrika kwa miezi 18. Safari ikawa ndefu hata ikaisha mwaka 2014, baada ya kilomita karibu 900,000 na nchi zaidi ya 170. Watu hupenda kuisimulia kama hadithi ya mpango uliokua. Sehemu kubwa ya njia hiyo alikuwa na mwenzi wake Christine, naye Christine alifariki mwaka 2010. Aliendelea kuendesha. Upande wa pili wa gari ukiwa mtupu, mtu anaendelea kwa sababu ya nani? Sitaki kuita hilo ushujaa kwa haraka, wala ukaidi. Naona tu kwamba nyumba ile ya magurudumu, iliyopita mipaka yote hiyo, ilikuwa nyumba kwa sababu ya aliyekaa ndani yake.

Siku hizi lami inafika Moyale, na magari yanapita Marsabit bila kusimama. Ni jambo jema. Mgonjwa anafika hospitali, ng'ombe wanafika mnadani. Zamani mgeni aliyekwama pale aliandika daftarini kwamba amepoteza siku mbili. Fundi aliyelala chini ya gari siku hizo mbili naye alikuwa na lake: pengine paa la mama yake lilivuja, pengine aliahidi kwenda kuposa, pengine alitaka kupumzika tu kama mtu yeyote. Alilipwa, akashukuriwa, akapigwa picha ameshika spana. Nani alimuuliza siku ile alikuwa aende wapi?