Lawama ya Hasira Huanzia Wapi?

Mtu aliyetukanwa hadharani hauamuru moyo wake upige mbio. Kabla hajamaliza kupima alichoambiwa, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala imekwisha kutoa tahadhari, tezi zilizo juu ya figo zimemwaga adrenalini, ini limeachia sukari kwenye damu, na misuli imekaza. Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza mwaka 1915 kwamba mabadiliko haya huuandaa mwili kupigana au kukimbia. Basi ikiwa hasira huitangulia fikra, mwenye hasira alaumiwe kwa lipi? Jibu langu ni kwamba kupandwa na hasira si kosa; kosa huanza pale mtu anapoifuga.

Seneca, mwanafalsafa wa Roma katika karne ya 1, aliutenga mshtuko wa mwanzo, usioepukika hata kwa mwenye hekima, na hatua inayofuata, ambapo akili huuridhia mshtuko huo na kuazimia kulipiza. Mwili unamuunga mkono. Mwaka 2024 watafiti nchini Marekani waliwaomba baadhi ya watu wazima 280 wenye afya njema wakumbuke kwa dakika nane jambo lililowakasirisha. Uwezo wa mishipa yao ya damu kutanuka ulipungua kwa muda uliofikia dakika 40. Mle chumbani hamkuwa na aliyewaudhi. Kumbukumbu peke yake ilitosha. Ndiyo maana mafundisho ya dini huelekezwa kwenye muda unaofuata mshtuko: Mtume Muhammad alimwagiza aliyeghadhibika akiwa amesimama aketi, na Paulo akawaonya Waefeso jua lisichwe wangali na uchungu.

Wapo wanaodai kwamba hasira isipotapikwa humla mtu ndani kwa ndani. Ni kweli kwamba kununa miezi kadhaa si dawa, lakini kufoka nako si dawa. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Brad Bushman aliwapa wanafunzi waliochokozwa mfuko wa ndondi. Walioupiga huku wakimfikiria mchokozi walibaki na hasira kubwa kuliko wenzao waliokaa tu bila kufanya lolote. Kila ngumi ilikuwa mazoezi ya hasira ile ile.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Aristotle alimwona asiyekasirika panapostahili kuwa mpumbavu, na Al-Ghazali akaihesabu ghadhabu iliyokufa kabisa kuwa upungufu wa utu. Nakubaliana nao: asiyesikia chochote akiona yatima ananyang'anywa shamba ana kasoro. Lakini wote wawili walidai kiasi, na kupima kiasi ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hulemewa kadiri hasira inavyopanda. Hasira inaweza kutujulisha kwamba dhuluma imetendeka. Haiwezi kutuambia adhabu gani inatosha, wala nani hasa mwenye hatia. Kwa hiyo kuiacha ipoe si kumsamehe dhalimu. Yatima anaweza kuidai ardhi yake miaka kumi mahakamani, kwa ushahidi na kwa uthabiti, bila kuwaka miaka kumi. Wajibu wetu ni kutenganisha mambo hayo mawili: dai lishikwe hadi lilipwe, hasira iachwe mara itakapokwisha kutupa habari yake.