Jumatatu: Hazina Juu ya Mwamba

Soma Mithali 2:1–5. Kabla ya kuahidi kwamba mtu atapata kumjua Mungu, Sulemani anamtaka afanye mambo mangapi? Yahesabu.

Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kifaa kilichokuwa kikikosea kwa mita mia moja hivi kikaanza kumfikisha mtu karibu kabisa na mahali anapopatafuta. Kesho yake Dave Ulmer, wa jimbo la Oregon, akaficha ndoo porini yenye daftari, penseli na vitu vidogo vidogo, ukiwamo mkebe wa maharage, akatangaza namba za mahali hapo kwenye intaneti. Hazikupita siku nyingi ikapatikana. Ndivyo ulivyoanza mchezo wa jiokeshingi. Leo vikasha vya namna hiyo ni zaidi ya milioni tatu duniani. Anayekipata huandika jina lake daftarini. Akichukua kitu, huacha kingine chenye thamani ileile au zaidi, kisha hukirudisha kikasha mahali pake kwa ajili ya atakayefuata.

Vingine huwekwa juu ya miamba. Hapo namba humfikisha mtafutaji chini ya jiwe tu, na kifaa hakina la kuongeza. Kikasha kiko juu. Hata njia ikiwa rahisi, ya mtu anayejifunza, lazima afunge mkanda kiunoni, apande akiiungia kamba kwenye bolti zilizokazwa na waliomtangulia, na mwenzake abaki chini ameishika kamba hiyo, macho juu.

Watu wa Ngara wanalielewa jambo hili bila mwamba wala mchezo. Nikeli ya Kabanga ilijulikana tangu miaka ya 1970. Leseni maalumu ya kuichimba ilitolewa mwaka 2021. Watoto waliozaliwa watafiti walipokuwa wakitoboa ardhi ile wamekuwa watu wazima, mali ikiwa chini ya miguu yao. Na mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Biharamulo anajua kwamba kuliona jiwe zuri duarani si kulala tajiri. Bado jiwe litolewe, lipelekwe karashani, lisagwe, lioshwe.

Katika madarasa yetu ya Shule ya Sabato namba zipo tele. Taja unabii wa siku 2300, na mshiriki atajibu Danieli 8:14 kabla hujamaliza. Taja malaika watatu, naye atasema Ufunuo 14:6–12. Ni vizuri. Lakini wako wanaozijua namba hizo tangu ubatizo wao na hawajapanda hata hatua moja; kila Sabato husimama chini ya mwamba, lesoni haijafunguliwa juma zima, wakimngoja mwalimu awateremshie kikasha.

Soma Matendo 8:26–35. Mkushi alikuwa na chuo cha Isaya mkononi, amekifungua mahali penyewe hasa, naye anakisoma kwa sauti. Hakuona haya kukiri kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Filipo naye hakumtupia jibu akiwa kando ya barabara. Alipanda garini, akaketi naye, akaanzia pale pale aliposoma yule mtu. Mwenye kushika kamba hampandii mwenzake. Humlinda asianguke anapopanda mwenyewe.

Sasa soma Mathayo 13:44. Katika mchezo wa vikasha mtu hubadilishana kitu kwa kitu, mara nyingi vyote viwili vya thamani ndogo. Mtu wa mfano huu aliuza vyote alivyokuwa navyo, tena kwa furaha. Anaificha tena hazina hiyo, hatangazi, mpaka shamba limekuwa lake.

Ni fungu gani ambalo namba yake unaikumbuka bila kufikiri, lakini hujaisoma sura yake yote mwaka huu? Ni nani katika darasa lako unayeweza kumwomba akushikie kamba unapoisoma kabla ya Sabato ijayo?