Alimwambia Kweli Yote

Somo: Marko 5:21–34

Mliokuwa ibada ya pili Jumapili mlilisikia neno hili. Ambao mvua iliwafungia nyumbani, someni pole pole. Na kina baba, tafadhali msigeuze ukurasa. Neno hili ni lenu pia.

Nianze na ruhusa. Habari nitakayosimulia ni ya mama yangu mzazi. Nilimwendea kule Othaya nikamwomba niiseme kanisani. Alinyamaza kitambo, akaendelea kuchagua maharagwe kwa sinia, kisha akasema, "Baba, ukisema, sema yote. Ukisema nusu, watu watajaza hiyo nusu nyingine." Huniita Baba kwa sababu mimi ni kijana wake wa pili na nimepewa jina la baba yake, kama desturi yetu ilivyo.

Basi nitasema yote, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana niliona mama amebadilika. Alikuwa akikaa safu ya tatu, sasa anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Alikuja na leso, akaitandika kwenye kiti kabla ya kukaa. Jumapili ya kwanza ya mwezi, Meza ya Bwana ilipoandaliwa, alitoka nje. Mwezi wa pili vile vile. Mwezi wa tatu pia. Mimi, mchungaji msaidizi, nikafanya hesabu zangu nikapata jibu: mama ana kinyongo. Pengine ni lile shamba, pengine ni mimi. Wapendwa, nilisimama kwenye madhabahu haya nikahubiri dakika arobaini juu ya uchungu wa moyo, nikimwangalia yeye.

Hakuwa na uchungu wowote wa moyo. Alikuwa anatokwa na damu.

Mama ana miaka hamsini na sita. Hedhi yake ilikoma kitambo. Baadaye yale mambo yanayokuja na umri huo yalimsumbua sana: joto la ghafla, jasho la usiku mpaka shuka zinalowa, usingizi kupotea. Alienda kwa daktari akaandikiwa dawa za homoni, aina mbili. Zilimsaidia, akalala tena. Halafu, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, damu ikaanza. Kidogo tu, inakuja na kuisha, inakuja tena. Alikaa nayo miezi mitano bila kumwambia mtu. Angeniambia aje? Mimi ni mtoto wake wa kiume. Na kwetu huku milimani, hayo si maneno ya mama na kijana wake.

Alikuja kumwambia mke wangu, jikoni, wakiosha vyombo. Mke wangu aliweka sufuria chini, akamwuliza swali moja: "Mama, umeona daktari?" Akajibu, "Nangoja bonasi ya majani chai."

Sasa tufungue Marko sura ya 5.

Tunamkuta Yesu njiani. Yairo, mkuu wa sinagogi, amemwomba aende nyumbani haraka, binti yake wa miaka 12 yuko karibu kufa. Umati unasukumana. Katikati ya umati yuko mama mmoja ambaye ametokwa damu miaka 12. Yaani mwaka ule mtoto wa Yairo alipozaliwa, ndio huyu mama alianza kuugua. Marko anatuambia alitembelea waganga wengi, akamaliza pesa zote, na hali ikazidi kuwa mbaya. Kwa sheria ya Walawi sura ya 15, alihesabiwa najisi muda wote huo. Alipokaa, pale pakawa najisi. Aliyegusa kitanda chake, naye pia. Mnaona ile leso ya mama yangu kwenye kiti? Hakuna mtu alimfundisha. Aibu ilimfundisha.

Huyu mama akaja kwa nyuma, kimya kimya, akagusa vazi la Yesu. Akapona palepale. Ingekuwa ni mimi, ningesema hii kazi imekwisha, twende kwa Yairo, kuna mgonjwa wa dharura. Lakini Yesu alisimama. Akauliza ni nani amemgusa. Wanafunzi wakaona swali hilo halina maana katikati ya watu wengi hivyo. Yeye akaendelea kutazama huku na huku. Mama akaja akitetemeka, akaanguka mbele yake, akamweleza habari yake yote bila kuficha kitu.

Jiulizeni, kwa nini Yesu hakumwacha aende zake? Amepona tayari. Mimi naamini ni kwa sababu mwili ulikuwa umepona na ile siri ilikuwa bado. Miaka 12 amejificha, angeenda nyumbani mzima bado akijificha. Yesu alimtoa mafichoni, na umati wote ukamsikia akimwita Binti. Katika Injili zote, huyo ndiye mwanamke mmoja ambaye Yesu mwenyewe anamwita hivyo alipokuwa akizungumza naye ana kwa ana. Mama anayeniita mimi Baba, kwa Yesu yeye ni Binti.

Na angalieni gharama. Wakati Yesu anamsikiliza, ujumbe ukaja kwamba mtoto wa Yairo ameshafariki. Kumsikiliza mama huyu kulichukua muda, na muda ule ulionekana kuwa hasara. Bado Yesu hakumkata maneno.

Turudi Othaya. Mke wangu hakungoja bonasi. Alienda na mama hospitalini wiki ile ile. Daktari aliuliza maswali, akampima, akamfanyia picha ya altrasaundi kuangalia unene wa utando ulio ndani ya mfuko wa uzazi, kisha akachukua kipande kidogo sana cha utando huo kikapelekwa maabara. Alipouliza habari ya dawa, mama akatoa pakiti moja. Daktari akauliza, "Na ile nyingine?"

Ile nyingine aliacha kununua. Pesa zilikuwa chache, akapima mwenyewe: hii ya kwanza nikinywa joto linapoa, hii ya pili sioni kazi yake. Akakata ya pili.

Mimi nilisomea biashara, na nawaambia, hata mimi ningekata hiyo hiyo. Ukibana matumizi unaanza na kile usichoona faida yake. Lakini sikilizeni vile daktari alivyotueleza. Ya kwanza ni estrojeni. Hiyo ndiyo inayotuliza joto na jasho, na unaisikia ikifanya kazi. Lakini estrojeni pia inakuza ule utando wa mfuko wa uzazi. Ya pili ni ya jamii ya projesteroni. Kazi yake ni kuuzuia utando usinenepe kupita kiasi. Huisikii. Ni kama askari wa usiku, ukiona asubuhi hakuna kilichoibwa unadhani hana kazi. Mama ambaye bado ana mfuko wake wa uzazi akinywa estrojeni peke yake kwa muda mrefu, utando hunenepa, na hatari ya saratani inapanda. Aliyetolewa mfuko wa uzazi, mara nyingi huandikiwa estrojeni pekee, kwa hivyo usilinganishe pakiti yako na ya jirani.

Majibu ya maabara yalirudi: utando umenenepa kuliko inavyotakiwa, lakini hakuna saratani. Amewekwa kwenye matibabu, na kipimo cha kurudia ni mwezi ujao. Sijui kitasema nini. Ninahubiri kama mtu anayengoja.

Wapendwa, kuna mambo mkononi mwa kila mama kanisani ambayo nataka yabaki. Nimeyahakikisha na daktari, si ya kutoka kichwani mwangu.

Hedhi ikikoma miezi 12 mfululizo, damu yoyote inayokuja baadaye si hedhi imerudi. Kama hutumii dawa za homoni, hata tone moja, hata liwe la rangi ya waridi, nenda ukapimwe. Kama umeanza dawa za homoni, damu kidogo kidogo katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza hutokea kwa wengi, na mara nyingi hutulia. Kuna zingine zimepangwa hivi kwamba damu huja kila mwezi kwa siku zake. Hata hivyo mwambie daktari wako. Lakini damu ikipita miezi 6, au ikianza baada ya kimya kirefu, au ikiwa nyingi, hiyo ni ya kupimwa bila kungoja. Ikikulowesha pedi moja kila saa, au ukisikia kizunguzungu, nenda siku hiyo hiyo.

Usiache dawa mwenyewe, na usigawanye mwenyewe. Pesa zikipungua, mwambie daktari zimepungua, atafute njia nyingine. Andika tarehe damu ilipoanza, ni nyingi kiasi gani, na siku ulizosahau kunywa dawa, kwa sababu hata kusahau kunaweza kuleta damu. Beba pakiti zote.

Usiende ukifikiri unaenda kuambiwa utakufa. Kati ya wanawake 10 wanaotokwa damu baada ya kukoma hedhi, takriban 9 hupatikana na sababu nyingine isiyo saratani ya mfuko wa uzazi: ukavu, kijinyama kidogo, dawa yenyewe. Lakini igeuze hesabu hiyo: kati ya wanawake 10 wenye saratani hiyo, karibu 9 walitokwa na damu. Damu ndiyo kengele yenyewe. Ikilia mapema na ukaisikia, matibabu mara nyingi hufaulu. Na daktari ataangalia mlango wa kizazi pia, kwa sababu makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha zaidi ya wanawake 5,000 hapa Kenya wakipatikana na saratani ya hapo kwa mwaka mmoja, na zaidi ya 3,000 wakifariki.

Kuna mtu atauliza, "Pastor, imani iko wapi?" Swali nzuri. Sisi ni kanisa linaloamini uponyaji, na sitaacha kuweka mikono juu ya wagonjwa. Lakini Hezekia alipougua, Isaya nabii aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Luka aliyetuandikia Injili, Paulo anamtaja kama daktari mpendwa wake. Na wale wakoma kumi wa Luka 17, Yesu aliwatuma wajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio walikuwa wakikagua siku zile. Uponyaji wa kweli hauogopi mkaguzi. Ukiombewa na damu ikakauka, mpe Mungu utukufu, halafu nenda ukapimwe. Ukikuta uko mzima, una ushuhuda wenye karatasi.

Na kwa habari ya Meza ya Bwana. Mama yangu alikaa nje miezi mitatu kwa sababu aliona hafai. Naomba mnisikie vizuri kama mtumishi wenu: hakuna damu ya mwili wako inayokuzuia kwenye meza ya damu ya Yesu. Mama wa Marko 5 alimgusa Bwana akiwa katika hali ile ile, na unajisi haukumpata Yesu. Usafi ndio ulimpata yeye. Njoo na leso yako. Kaa safu ya tatu.

Kina baba na vijana, zamu yetu. Kama mama nyumbani ameacha kulala, anafua shuka usiku, amehamia kiti cha nyuma, usihubiri. Uliza. Kama huwezi kuuliza, tuma dada yako, tuma mke wako. Na nauli ya hospitali isingoje bonasi. Tunachangia harusi, tunachangia mazishi, tunajaza mahema. Ni afadhali tuchangie altrasaundi ya mtu akiwa hai. Idara ya kina mama imekubali kuwa kila Alhamisi baada ya maombi dada wawili watabaki, mlango umefungwa, hakuna mwanamume, hakuna kitabu cha kuandika majina. Mwenye neno aseme. Wa kusindikizwa hospitali atasindikizwa.

Mimi nilimwomba mama msamaha kwa lile hubiri la dakika arobaini. Alicheka, akaniambia, "Lilikuwa hubiri nzuri, Baba. Lilikuwa tu la mtu mwingine."

Jumapili ya kwanza ya mwezi huu alirudi mezani. Mkono wake ulitetemeka kidogo alipochukua kikombe. Wangu pia.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyesimama njiani kwa ajili ya mmoja, simama hapa kwetu. Mama anayeficha leo, mpe mtu wa kumwambia. Sisi tulio na haraka, tufundishe kusimama. Wape madaktari wetu macho na uvumilivu. Na wale wanaongoja majibu, ngoja pamoja nao. Katika jina la Yesu, amina.

Wiki hii ufanye hivi: mpigie simu mama mmoja, umuulize analala vipi. Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.