Halali na Mpaka Wake

Ndugu mmoja katika darasa letu alituuliza: je, kitu alichokihalalisha Mwenyezi Mungu yafaa mtu kukatazwa? Suala hili halina jawabu la neno moja. Tumelitafutia mfano wa mbali, ili asije mtu akadhani twamsema jirani yake.

Huko Alaska, katika Marekani, kuna hori iitwayo Cook Inlet, na humo wamo nyangumi weupe waitwao beluga. Mwaka 1979 walikadiriwa kuwa kiasi cha 1,300. Mwaka 1994 makisio yalikuwa 653, na 1998 yakawa 347. Wenyeji, ambao wazee wao wamekula nyangumi hao tangu zamani, waliwinda kupita kiasi, na nyama ikaingia sokoni katika mji wa Anchorage. Mwaka 1999 wawindaji wenyewe walijizuia, na sheria ikafuata. Nyangumi wa mwisho kuwindwa kwa ruhusa alikuwa wa 2005.

Ama katika madhehebu yetu ya Shafii, nyangumi ni halali. Masahaba waliokuwa na Abu Ubayda walishikwa na njaa safarini, wakamla yule mkubwa aitwaye anbari aliyetupwa pwani na bahari. Walakini halali ya kula si ruhusa ya kumaliza. Mwenye kula leo mpaka pakaisha amemdhulumu mjukuu wake, na dhuluma haigeuki kuwa halali kwa sababu nyama ni halali.

Lakini liko zito kuliko hilo. Uwindaji umekoma, na nyangumi hawakurudi kama walivyokuwa: makisio ya 2018 yalikuwa 279, na ya 2022 yalikuwa 331. Wataalamu hutaja kelele za meli na bandari, maji machafu na uchache wa samaki, wala hawajakata shauri. Basi mwindaji ameacha chakula cha babu yake. Mwenye meli ameacha nini? Sisi twaona huo si uadilifu. Kanuni ya fiqhi ya kuondoa madhara haikumtaja mwenye mkuki peke yake.

Na elimu nayo ina mpaka wake. Baina ya 1999 na 2002 wataalamu waliwakamata baadhi yao wakawatia vyombo vya kuwafuatia kwa setilaiti, na miaka mingi baadaye picha zilionyesha makovu. Nia yao ilikuwa njema, hatuikanushi. Walakini sote twajua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka. Maadamu leo nyangumi hao huhesabiwa kutoka angani na kutambulikana kwa picha, kumtoboa mnyama ambaye wenziwe ni mia chache kwahitaji dharura iliyo wazi.

Kwetu pwani yuko nguva. Tungependa ndugu yetu aliyeuliza atwambie, kabla ya darasa lijalo, yeye amemwona mara ngapi, na baba yake mara ngapi.