Mke Aliyemtangulia Mume Kuzaliwa

Msomaji, ukipita katika mtaa wa Tom Mboya, katikati ya jiji la Nairobi, saa ambayo wafanyakazi hutoka kazini na makondakta huita abiria kwa sauti za kugombana, zitazame nguzo za taa. Zimevikwa karatasi kama nguo ya maskini ilivyovikwa viraka. Karatasi moja yamsifu mganga awezaye kumrudisha mume aliyetoroka. Ya pili yatangaza chumba cha kupanga. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, yatangaza wanawake wenye mali na umri mkubwa, wakaao Karen, Lavington na Westlands, ambao ati wanatafuta vijana wa kuwaliwaza. Chini yake pana namba ya simu. Kijana apigaye hupokewa kwa maneno matamu, kisha huambiwa atume ada ya kuandikishwa. Akituma, hudaiwa ada nyingine ya kukutanishwa. Fedha zikiisha mfukoni, simu haiitikiwi tena. Bibi wa Lavington hakuwapo tangu mwanzo. Hila hii imekwisha andikwa magazetini mara nyingi, na bado yapata wateja.

Jioni moja niliwakuta vijana wawili wakiisoma karatasi ya namna hiyo. Mmoja wao, aliyevaa koti la kazi lenye madoa ya rangi, alimwambia mwenziwe, "Huyu ndiye mke nimtakaye. Ana nyumba, ana gari, na amekwisha maliza ujinga wa usichana."

Karibu nao aliketi mwanamke wa makamo, auzaye njugu zilizofungwa katika vikaratasi. Alisema bila kuinua macho yake, "Kijana wangu, mbona wanitafuta nguzoni na mimi nimeketi hapa?"

"Mama, wewe una gari?"

"Ninao mkokoteni. Nimepungukiwa na punda tu."

Tuliosikia tulicheka, na kijana mwenyewe alicheka kutushinda sote. Mzaha ule ulikuwa mzuri, kwa kuwa ulimrudia aliyeuanza na haukumjeruhi mtu. Lakini nilipokwisha kuketi katika matatu ya kwenda Kawangware niliona kwamba ulikuwa na maswali mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. Je, ni aibu mwanamume kumpenda mwanamke aliyemtangulia kuzaliwa? Na je, ni aibu mwanamume kutafuta gari, kisha akaliita mke? Karatasi ya nguzoni yayachanganya mambo hayo, na sisi tuichekayo twayachanganya vile vile. Nataka uyatenganishe pamoja nami.

Iko barabara kuu itokayo Westlands kuelekea magharibi, ipitayo Kangemi na Uthiru hadi upande wa Kikuyu. Jina lake ni Waiyaki Way, kwa kumkumbuka Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu aliyekufa Kibwezi mwaka 1892 akiwa mfungwa wa Waingereza. Kitukuu chake mmoja, Wambui, alizaliwa mwaka 1936. Katika miaka ya 1950 aliwatumikia wapiganaji wa Mau Mau mjini Nairobi kwa kazi za siri, na baadaye serikali ya kikoloni ilimweka kizuizini Lamu. Mwaka 1963 aliolewa na wakili S. M. Otieno. Yeye Mkikuyu na mumewe Mjaluo. Si watu wengi waliothubutu ndoa ya namna hiyo siku zile. Otieno alipofariki tarehe 20 Desemba 1986, mjane alitaka kumzika Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ulitaka azikwe Nyalgunga katika nchi ya Siaya. Kesi ilibishaniwa katika mahakama za Nairobi kwa miezi, na nchi nzima ikawa kama imeketi barazani kuisikiliza. Ukoo ulishinda, na maiti ilizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, mjane asiwepo.

Nimekueleza hayo ili ujue kwamba mwanamke huyu alikuwa amekwisha zoea kusemwa. Hata hivyo, mwezi wa Julai 2003 alisemwa kuliko alivyopata kusemwa. Mwezi huo Bi Wambui Otieno, mwenye umri wa miaka 67, alifunga ndoa ya serikali na Peter Mbugua, mwashi wa mawe ambaye alikuwa hajafika miaka 30. Magazeti yalijaa habari hiyo. Ndani ya matatu, makanisani na katika vibanda vya chai, kila mtu aligeuka hakimu. Wako waliosema ni tamaa ya mali kwa upande mmoja. Wako waliosema ni upungufu wa haya kwa upande wa pili. Watu ambao hawakuijua hata rangi ya mlango wa nyumba yao walieleza kwa hakika yaliyokuwa moyoni mwao.

Sasa tafakari jambo moja. Kwa desturi ya zamani ya Wajaluo, na ya makabila mengine kadha ya Afrika Mashariki, mjane alirithiwa na ndugu wa marehemu, naye aliweza kuwa ndugu mdogo. Kijana alipewa nyumba ya mwanamke aliyemzidi miaka mingi, na wazee walinywa pombe yao kwa amani. Hakuna aliyeuliza kama mikunjo ya uso wa mjane ilifaa kwa ujana wa mrithi wake. Basi, tofauti ya umri peke yake haikuwa kioja. Iweje ile iliyokuwa heshima katika boma igeuke fedheha mjini? Mimi naona kilichobadilika ni mchaguzi. Katika boma ukoo ulichagua. Mwaka 2003 mjane alichagua mwenyewe. Miaka twaitaja kwa sababu ni rahisi kuihesabu, lakini kinachotukera ni hiari ya mwanamke.

Ukitaka ushahidi mwingine, tazama jinsi tunavyompokea mzee wa miaka 70 aoaye msichana wa miaka 25. Watamtania kidogo, watasema mzee bado ana nguvu, na kesho watamwomba awe mwenyekiti wa harambee. Geuza jozi hiyo, mke awe wa miaka 70, na maneno yatabadilika: huyu atakuwa mchawi, na mumewe atakuwa mgonjwa wa akili. Mfanyabiashara apimaye kwa kibaba kimoja anaponunua, na kwa kingine anapouza, jina lake walijua. Kwa nini sisi tufanyao hivyo kwa watu tusipewe jina hilo hilo?

Wala jambo hili si geni kwa watu wa heshima. Watoto wa Kiislamu wa pwani yetu hufundishwa habari za Bibi Khadija, tajiri wa Makka, aliyemwajiri Muhammad kusimamia bidhaa zake katika safari ya Sham, akaridhika na uaminifu wake, kisha yeye mwenyewe akapeleka posa. Kwa riwaya iliyo mashuhuri alikuwa na miaka 40 na Mtume miaka 25, na Mtume hakuoa mke mwingine mpaka Bibi Khadija alipofariki. Shakespeare naye, ambaye pengine umelazimishwa kumsoma, alioa mwaka 1582 akiwa na miaka 18, na mkewe Anne Hathaway alikuwa na miaka 26.

Sitaki, hata hivyo, kuwafanya wapingaji wote kuwa wajinga. Yupo mpingaji mmoja ambaye namheshimu, naye ni mama wa kijana. Mama amelea, amelipa karo, amengoja kubeba mjukuu. Mwanawe anamletea mkwe ambaye wakikutana sokoni wataitana dada. Machozi yake si ya kuchekwa. Amepoteza kitu alichokitumainia, na kijana asiyeliona hilo ni mwenye kiburi. Lakini je, machozi yatosha kuivunja ndoa ya watu wazima wawili? Nadhani hayatoshi. Mtoto ni deni la mapenzi kwa mzazi, naye hulilipa kwa heshima, kwa msaada na kwa kumtazama katika uzee. Halipi kwa kumpa mzazi moyo wake amchagulie wa kumpenda. Kuhusu wajukuu, hakuna mke awaye yote, kijana au mzee, aliyeandika hati ya kuwaleta.

Sheria yetu yaelekea upande huo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa kila mtu mzima haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia ya pili kwa hiari yao wote wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yaweka mpaka wa chini, miaka 18, na haikuweka kipimo cha tofauti kati ya mume na mke. Hapa nakugeukia wewe usomaye haya ukiwa bado shuleni. Mpaka ule wa chini umejengwa kwa ajili yako, uwe mvulana au msichana. Mtu mzima amvutaye mvulana wa miaka 16 kwa zawadi za simu na viatu atenda kosa kama lile la mwanamume amvutaye msichana, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 yawalinda wote wawili. Wavulana husifiana kwa mambo hayo, wakidhani wameshinda, na hakuna anayewaambia kwamba wameibiwa. Nisikiapo sifa hizo hukosa hamu ya kucheka.

Basi turudi kwa yule kijana mwenye koti la madoa, ambaye ni mtu mzima na aweza kupenda apendapo. Kosa lake liko wapi? Alipomsifu mke amtakaye hakutaja jambo hata moja la mtu. Alitaja nyumba, akataja gari, akataja kwamba hatasumbuliwa. Laiti angalisema, "Natafuta mwanamke aliyekwisha jifunza uvumilivu, ambaye mazungumzo yake yana chumvi, ambaye hatanidai nijifanye tajiri," ningalimwombea heri. Wanawake wa namna hiyo wapo, na miaka ni mojawapo ya waalimu wao. Lakini alitafuta pochi. Mwanamke aliyechorwa katika karatasi ile hana jina, hana ucheshi, hana huzuni. Ana mtaa akaao na ana fedha. Yeye amefanywa mkokoteni, na kijana, bila kujua, amejitolea kuwa kitu kingine. Mwuza njugu aliliona hilo kabla yangu, nami nimesoma vitabu vingi.

Kipimo changu, kama wakitaka, hakina hesabu ya miaka ndani yake. Namwuliza kijana: waweza kumkatalia jambo, na kesho ukala? Waweza kutembea naye mchana katika bustani ya Uhuru, ukamtaja kwa jina lake mbele ya rafiki zako? Na siku atakapougua, gari likauzwa kulipa hospitali, utakuwa upande gani wa kitanda? Mwanamke naye namwuliza: je, wampa fedha ili akae, au angekaa hata usipompa? Mtu wa miaka 25 aliyeoa wa miaka 24 aweza kushindwa na maswali haya yote. Ndoa ya Bi Wambui, ambayo waliokuwa mahakimu wa vibanda vya chai waliipa miezi michache, ilidumu hadi alipofariki tarehe 30 Agosti 2011. Yaliyokuwa ndani ya miaka ile 8 ni yao. Mimi nahesabu tu kwamba kifo ndicho kilichoimaliza.

Na iko hasara nyingine katika kicheko chetu, ambayo nadhani hatujaifikiria. Yule mwizi wa nguzoni aishi kwa njia gani? Kijana aliyelaghaiwa ada zake hawezi kwenda kituo cha polisi. Atasema nini mezani kwa askari? Atasema, "Nilikuwa natafuta mwanamke mwenye umri wa mama yangu"? Askari watacheka, na walio nyuma yake katika foleni watacheka. Basi hunyamaza, na mwizi ajua kwamba atanyamaza. Aibu tuliyoitengeneza sisi kwa mizaha yetu ndiyo kufuli ya sanduku lake la fedha. Kesho hubandika karatasi mpya juu ya ile iliyonyeshewa na mvua.

Sikumwambia kijana hayo yote jioni ile, kwa kuwa yalinijia baadaye, na kwa kuwa mtu hahutubiwi akiwa anangoja gari. Nilichokiona kabla sijapanda langu ni hiki. Alimsogelea mwuza njugu akanunua kikaratasi kimoja. Mama alikijaza, akamwongezea konzi ndogo kiganjani.

"Hiyo ya juu ni ya nini, mama?"

"Ni mahari yako. Kwetu hatutoi nyingi."

Kijana alianza kutafuna, akaenda zake upande wa magari ya Kangemi. Alipofika mbali kidogo aligeuka akapaza sauti, "Kesho utakuwapo?"

"Nitakuwapo," alijibu mama, akifunga njugu za mteja mwingine. "Njoo na hatamu zako."